Bluzi na jazi mpya: albamu ipi uanze nayo ukiwa Lubumbashi

Katika mji huu neno jazi lina historia yake, na mtu asiyeijua historia hiyo huweza kuchagua albamu ambayo si ile aliyokuwa akiitafuta. Wazazi wetu waliposema jazi walimaanisha okestra ya dansi. African Jazz ya Grand Kallé, iliyoanza Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1953, na OK Jazz iliyofuata mwaka 1956, zote zilipiga rumba, na jina la jazi lilikuwa kwao alama ya usasa kuliko jina la mtindo. Kwa hiyo mtu wa Kamalondo au wa Katuba aliyelelewa na santuri hizo anapofungua albamu mpya ya jazi kutoka New York anakaa akisubiri sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magitaa huchukua nafasi na watu hucheza, sebene haiji, na baada ya nyimbo mbili anaamua kwamba muziki huu haukuandikwa kwa ajili yake. Nimeliona jambo hilo mara nyingi kwa rafiki ninaosikiliza nao muziki Jumapili jioni, na limenihuzunisha kila mara, kwa sababu nina hakika kwamba kosa halikuwa la sikio la msikilizaji wala la muziki wenyewe. Mlango alioonyeshwa ndio haukuwa mlango wake.

Ulinganisho huu unahusu albamu saba za bluzi na jazi zilizotoka kati ya Machi 2024 na Julai 2025. Sikuzipanga kutoka iliyo bora hadi iliyo dhaifu, kwa kuwa hakuna iliyo dhaifu kati yake. Nimeziweka mbili mbili, kila moja kando ya ile inayoifanana zaidi, ili msomaji aone zinapoachana na ajue ni ipi inayokaa karibu na muziki ambao tayari anaupenda. Moja tu imebaki bila mwenzi, na sababu yake nitaieleza mahali pake.

Tuna haki ya kuusikiliza muziki huu kama watu wanaopokea jamaa, si kama watu wanaopokea mgeni. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, akiwa na gitaa moja tu, akilipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na wimbo wa Masanga uliotokana na rekodi zile ukasomwa na wapiga gitaa wa mabara mengine kama watu wanavyosoma barua iliyotoka mbali. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaani huko Newport, Marekani, kwenye tamasha la muziki wa kienyeji. Na kabla ya hapo, Novemba 1960, Louis Armstrong, mpiga jazi wa Marekani, alikuwa amepiga tarumbeta yake hapahapa, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville na Katanga ikiwa imejitenga tangu Julai ya mwaka ule. Alikuwa ametoka Léopoldville, ambako mwezi Oktoba watu walimbeba juu ya kiti kama chifu. Safari hiyo ililipiwa na serikali ya Marekani, nayo ilikuwa na sababu za kisiasa ambazo si za ukurasa huu. Ninalotaka likumbukwe ni kwamba gitaa letu lilikwenda kwao na tarumbeta yao ikaja kwetu ndani ya miaka isiyozidi ishirini.

Baraza na jukwaa

Nianze na bluzi, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na mikono yetu. Umbo lake la kawaida ni vipimo 12 na akodi tatu, yaani mafungu matatu ya noti zinazopigwa pamoja, na katika maneno yake mstari wa kwanza huimbwa, hurudiwa, kisha mstari wa tatu huujibu. Aliyewahi kukaa karibu na mzee anayepiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa mtindo wa Mwenda, wa Losta Abelo au wa Édouard Masengo hahitaji kufundishwa akodi hizo tatu, maana ni zilezile. Tofauti iko katika namna sauti inavyokunjwa: mpiga bluzi huivuta nyuzi pembeni mpaka noti ikae kati ya furaha na huzuni, mahali ambapo piano haina kibonye chake, ilhali wapiga gitaa wetu wa Katanga huiacha noti safi na kuweka ufundi wote katika mazungumzo ya gumba na shahada.

Albamu mbili ninazozilinganisha hapa ni Room on the Porch ya Taj Mahal na Keb' Mo', iliyotoka Mei 2025, na Ain't Done with the Blues ya Buddy Guy, iliyotoka tarehe 30 Julai 2025, siku mzee huyo alipotimiza miaka 89.

Jina la ile ya kwanza maana yake ni kwamba barazani bado kuna nafasi, na baraza ndilo neno linalofaa kabisa kuueleza muziki wake. Taj Mahal alizaliwa mwaka 1942, Keb' Mo' mwaka 1951. Hii ni albamu yao ya pili pamoja, baada ya TajMo ya mwaka 2017 iliyowapatia tuzo ya Grammy. Wanaimba kama majirani wawili waliovuta viti nje ya nyumba jua linapozama. Sauti ya Taj Mahal imekwaruza kama mlango wa zamani, ya Keb' Mo' ni laini, na katika wimbo unaobeba jina la albamu anaungana nao Ruby Amanfu, mwimbaji mzaliwa wa Ghana. Magitaa yasiyo ya umeme ndiyo yanayoongoza, ngoma zinakaa nyuma kwa adabu, na hakuna mahali ambapo mpigaji anamkimbilia mwenzake ili aonekane. Wameuchukua pia wimbo wa zamani wa Nobody Knows You When You're Down and Out, unaosema kwamba ukifilisika hakuna anayekujua, jambo ambalo katika mji wa migodi, ambapo bei ya shaba ikishuka kaya nyingi hushuka nayo, halina haja ya kufafanuliwa.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nimtaje Taj Mahal kwa heshima mbele ya wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 2005 alitoa albamu iitwayo Mkutano, pamoja na Culture Musical Club ya Zanzibar, ambamo bluzi yake inakaa katikati ya fidla za taarabu na kanuni, ile ala yake ya nyuzi nyingi. Mtu huyu amekuwa akitafuta ndugu za bluzi upande wetu wa bahari kwa miaka mingi, na hilo linasikika hata anapopiga wimbo usiotaja Afrika popote: mkono wake wa kulia hauna haraka, unazunguka, unarudi palepale, kama wa wazee wetu.

Buddy Guy ni mtu wa aina nyingine. Alizaliwa Lettsworth, Louisiana, mwaka 1936, akahamia Chicago mwaka 1957, na huko Chicago bluzi ilikuwa imekwisha kuchomekwa kwenye umeme ili isikike juu ya kelele za baa zilizojaa wafanyakazi wa viwandani. Albamu yake ni jukwaa tangu mwanzo hadi mwisho. Gitaa linalia, linanyamaza ghafla, kisha linapasuka tena mahali usipolitegemea, na sauti ya mzee inapanda bila kujali umri wake. Tom Hambridge, ambaye amemtayarishia albamu tangu 2008, amemzungushia wageni wengi: Joe Walsh, Peter Frampton, Joe Bonamassa, waimbaji wa Injili wa Blind Boys of Alabama, na kijana wa Clarksdale, Mississippi, Christone "Kingfish" Ingram, aliyezaliwa mwaka 1999. Wimbo wanaopiga Buddy Guy na Kingfish, Where U At, ni kama kushuhudia mzee akimkabidhi kijana fimbo bila kuiachia kabisa.

Hata hivyo, niseme wazi ninalolifikiri. Albamu ya Buddy Guy ina vipande 18, na hiyo ni mingi kwa muziki wenye nguvu ya kiasi hiki. Katikati yake sikio linachoka, na baadhi ya wageni wanajaza nafasi ambayo ingebaki wazi kwa faida ya mwenyeji. Mahali aliponigusa zaidi ni katika vipande vifupi ambamo yuko karibu peke yake, akiwakumbuka John Lee Hooker na Lightnin' Hopkins, wapiga bluzi aliowajua na ambao yeye amewazidi umri. Hapo hakuna anayeshindana na mtu. Mzee anakumbuka, na mkono unamfuata.

Basi chaguo kati ya hizi mbili ni jepesi kulieleza. Anayependa gitaa kavu, anayesikiliza maneno, anayekaa na familia yake nyumbani jioni, achukue Room on the Porch. Aliyeipenda rumba ya umeme, aliyezoea gitaa la solo linalochukua wimbo mabegani na kuondoka nalo, atamwelewa Buddy Guy haraka kuliko anavyodhani, ila namshauri aisikilize albamu ile kwa vipande vitano au sita kwa siku. Kwa mtu asiyewahi kusikiliza bluzi hata kidogo, mimi humwanzisha barazani kila mara, na bado sijajuta.

Jambo la vyombo lina uzito wake hapa pia. Wengi wetu tunasikiliza kwa simu, na spika ndogo ya simu haitoi sauti za chini. Sauti za waimbaji na magitaa ya Room on the Porch hukaa katikati, ambapo simu inaweza kuyabeba, kwa hiyo albamu hiyo itakufikia karibu nzima hata ukiwa jikoni. Albamu za jazi ninazozijia sasa hazivumilii simu namna hiyo. Tafuta vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei ndogo, na uzipakue usiku wakati umeme upo, kwani kusikiliza muziki unaokatika katikati kwa sababu mtandao umeondoka ni kuusikiliza muziki mwingine kabisa.

Maji na anga

Nduduzo Makhathini na Charles Lloyd hawafanani kwa umri wala kwa nchi, lakini nimewaweka pamoja kwa sababu wote wawili wanapiga kama watu wanaosali, na kwa sababu Blue Note, kampuni ya santuri za jazi ya Marekani, ilitoa albamu zao katika mwaka mmoja, 2024. Msikilizaji akivutiwa na mmoja ataulizia mwingine. Ni vizuri ajue mapema kwamba njia zao zinatofautiana.

Makhathini alizaliwa mwaka 1982 huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Ni mpiga piano na mwalimu, na pia ni mganga wa jadi, na hilo la mwisho si pambo la kumtangaza, kwani muziki wake umejengwa juu yake. Albamu yake iitwayo uNomkhubulwane ilitoka Juni 2024, nayo imebeba jina la mungu wa kike wa Wazulu, mwenye mvua, rutuba na mimea. Imegawanywa katika sehemu tatu: ya kwanza ni ya tambiko la kumwaga kinywaji kwa ajili ya wahenga, ya pili ni ya roho za maji, ya tatu ni ya kufikia utulivu wa ndani. Wapigaji ni watatu tu. Makhathini yuko kwenye piano na mara nyingine anaimba, Zwelakhe-Duma Bell le Pere yuko kwenye besi, na kwenye ngoma yuko Francisco Mela, mzaliwa wa Cuba.

Uchache huo ndio uzuri wake. Katika albamu zake zilizotangulia Makhathini alikuwa na vipulizo vingi, na wakati mwingine piano ilifunikwa. Hapa kuna nafasi. Mkono wake wa kushoto unashika duara moja la noti chache na kulirudia, unalirudia tena, mpaka linaacha kuwa tuni na kuwa ardhi ya kusimamia, kisha mkono wa kulia unaanza kutembea juu yake. Mtu wa kwetu aliyewahi kusikia mbira au likembe atalitambua jambo hilo mara moja, maana ndivyo vyombo hivyo vinavyofanya kazi: duara dogo, subira, na mabadiliko madogo yanayoonekana makubwa kwa kuwa yamesubiriwa. Sauti yake anapoimba kwa Kizulu si ya mwimbaji wa kuvutia watu, ni ya mtu anayeita. Na kwa kuwa Kizulu ni lugha ya Kibantu, kuna maneno ambayo msikilizaji wa Kiswahili, au zaidi wa Kibemba, hujikuta akiyashika kabla ya kujua kwamba ameyashika.

Charles Lloyd alizaliwa Memphis tarehe 15 Machi 1938, na The Sky Will Still Be There Tomorrow ilitoka tarehe 15 Machi 2024, alipotimiza miaka 86. Jina lake linasema kwamba kesho anga litakuwa bado lipo. Alipokuwa kijana huko Memphis alipiga pamoja na watu wa bluzi, wakiwemo Howlin' Wolf na B.B. King, na nadhani hapo ndipo ilipo siri ya saksafoni yake. Hata anapokwenda mbali na tuni, mbali kiasi cha mtu kupotea, pumzi yake inabaki kuwa pumzi ya mtu anayeimba bluzi. Pamoja naye yuko Jason Moran kwenye piano, Larry Grenadier kwenye besi, na Brian Blade kwenye ngoma, na ukiniuliza ni nani wa kumsikiliza kwa makini katika kundi hilo nitakujibu bila kusita kwamba ni Blade. Anazigusa ngoma kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto, halafu ghafla anainua kundi zima, na hujui ni lini alianza kufanya hivyo.

Albamu hiyo ni ya diski mbili, na imejaa watu waliokwisha kuondoka. Kuna kipande cha kumkumbuka Thelonious Monk, kuna cha kumkumbuka Billie Holiday, na kuna kile cha kumkumbuka Booker Little, mpiga tarumbeta aliyekuwa rafiki yake wa shule huko Memphis na ambaye alikufa mwaka 1961 akiwa na miaka 23 tu. Zimo pia nyimbo za kanisani, na msikilizaji wa Lubumbashi aliyekulia katika kwaya, awe Mkatoliki, Mmetodisti au Mkimbangu, ataona kwamba Lloyd anapozipiga hazipambi. Anazipiga polepole, anaacha kimya kati ya mstari na mstari, na kimya hicho kinafanya kazi ya maneno.

Ni ipi kati ya hizi mbili? Kwa mtu anayeingia jazi kwa mara ya kwanza nitampa Makhathini, ingawa najua kwamba wajuzi wengi wangeanza na Lloyd. Sababu yangu ni duara. Muziki wa Makhathini unampa msikilizaji kitu cha kushikilia tangu dakika ya kwanza, kisha unamchukua taratibu, ilhali wa Lloyd unamtaka aje na subira yake mwenyewe kutoka nyumbani. Lakini aliyekwisha kuzoea, na hasa aliyefiwa karibuni, asimwache Lloyd. Mwaka jana, baada ya msiba nyumbani kwetu, niliisikiliza diski ya pili usiku nne mfululizo, na hapakuwa na albamu nyingine kati ya hizi ambayo ningeweza kuivumilia wakati ule.

Vijana wa London

Jozi ya tatu nitaipitia kwa haraka zaidi, si kwa kuidharau, bali kwa kuwa tofauti yake inaonekana waziwazi. Shabaka Hutchings na Ezra Collective wametoka katika London ileile na wote ni wajukuu wa muziki wa Afrika na visiwa vya Karibi, lakini mwaka 2024 mmoja alichagua kunong'ona, na wenzake wakachagua kucheza.

Dance, No One's Watching, albamu ya Ezra Collective iliyotoka Septemba 2024, inafuata usiku mmoja wa kwenda dansini, tangu kutoka nyumbani hadi alfajiri. Ndugu wawili wenye asili ya Nigeria, Femi Koleoso kwenye ngoma na TJ Koleoso kwenye besi, ndio moyo wa kundi. Kuna tarumbeta, saksafoni na kinanda. Na kuna wageni kama Yazmin Lacey, Olivia Dean na Moonchild Sanelly wa Afrika Kusini. Mwaka 2023 walikuwa kundi la kwanza la jazi kupata tuzo ya Mercury huko Uingereza, kwa albamu iliyotangulia hii. Ikiwa kuna albamu moja katika ulinganisho huu ambayo unaweza kuiweka kwenye sherehe ya harusi katika mitaa yetu ya Kenya au Ruashi bila mtu kurudi kitini, ni hii. Mapigo ya Afrobiti yamo, vipulizo vinajibu kama vilivyokuwa vikijibu katika okestra za wazazi wetu, na anayesubiri sebene atapata kitu kinachokaribia. Ila kuna vipande vifupi vingi vya kuunganisha, na anayesikiliza akiwa ameketi huenda akaona vinamkatiza.

Shabaka alikuwa mmoja wa wapiga saksafoni wenye nguvu kuliko wote wa kizazi chake, na mwishoni mwa mwaka 2023 aliiweka saksafoni chini. Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace, iliyotoka Aprili 2024, ni albamu ya filimbi, nayo ile anayoitumia zaidi ni shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Kijapani ambayo mtu anaweza kuhangaika nayo kwa majuma kabla ya kutoa sauti moja safi. Alirekodi New Jersey katika studio ya Van Gelder, chumba kilekile ambamo mpiga saksafoni John Coltrane alirekodi A Love Supreme mwaka 1964, akiwa na wapigaji chumba kimoja bila vipokea sauti, wakisikilizana kwa masikio tu. Vinubi, piano na sauti za waimbaji vinapita kama moshi, na mwishoni anasikika baba yake, Anum Iyapo, akisema shairi. Ni muziki wa alfajiri na mapema. Ninaupenda, lakini simpi mtu anayeanza, kwa maana ukiusikiliza ukiwa umechoka utalala, na ukiusikiliza barabarani magari yataumeza. Upande huu uzito wa mizani yangu unaelekea kwa Ezra Collective kwa msikilizaji mpya, na kwa Shabaka kwa yule anayecheza chombo cha kupuliza, kwa sababu kujifunza upya ukiwa tayari umesifiwa ni somo ambalo mpigaji yeyote atalisikia ndani ya kila pumzi.

Iliyobaki peke yake

Albamu ya saba ni Blues Blood ya Immanuel Wilkins, mpiga saksafoni ya alto, iliyotoka Oktoba 2024, na sikuipatia mwenzi kwa sababu inasimama kwenye daraja kati ya pande mbili nilizozizungumzia. Jina lake limetoka katika maneno ya Daniel Hamm, mmoja wa vijana sita wa Harlem, New York, waliokamatwa mwaka 1964. Polisi walimpiga, na akieleza jinsi alivyolazimika kulifungua jeraha lake ili damu ionekane na watu wamwamini, ulimi wake uliteleza, na badala ya kusema damu ya mchubuko, bruise kwa Kiingereza, akasema damu ya bluzi, blues. Wilkins ameujenga muziki wake wote juu ya kuteleza huko. Meshell Ndegeocello alishiriki kuitayarisha albamu, na waimbaji ni wengi: Ganavya, mwenye mafunzo ya uimbaji wa India Kusini, June McDoom, Yaw Agyeman, na Cécile McLorin Salvant akiwa mgeni.

Hakuna umbo la vipimo 12 hapa, hakuna gitaa linalolia, na mtu anayetafuta bluzi kwa masikio ya nje atasema haimo. Imo katika namna sauti zinavyopandana bila kusubiri zamu, kama wanawake wanavyoimba kwenye matanga, kila mmoja na kilio chake na wote katika wimbo mmoja, huku saksafoni ikipita chini yao na kujitokeza pale tu ambapo sauti ya mtu imekwama. Tulipoisikiliza Jumapili moja, mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe, ambaye hajali jazi wala bluzi, alisimama mlangoni hadi wimbo ukaisha, kisha akauliza ni nani aliyekufa. Mimi huiweka ya mwisho katika orodha ya mtu anayeanza, baada ya baraza la Taj Mahal na maji ya Makhathini, na humwomba aisikilize yote kwa kikao kimoja, umeme ukiwepo, mlango ukiwa umefungwa.